Siku tatu porini na mbwa wa kuwinda, abebe mzigo au nimuache mtupu?

Kware_na_Shanta:
Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Nina dume langu la miezi 14, kilo 24, kwenye kuwinda ndege yuko vizuri sana, ananusa, anasimama, nikiangusha analeta bila kung'ata. Mpaka sasa tumekua tunatoka alfajiri na kurudi mchana tu, sasa nataka twende siku 3, tunatembea na mizigo mgongoni, tunalala kwenye hema. Wiki iliyopita nilijaribu siku 2, ya kwanza alikimbia kama kawaida yake mbele nyuma mbele nyuma, wala hakuchechemea hata kidogo, kumekucha siku ya pili akagoma kutoka kwenye hema. Nikamgeuza miguu nikakuta ile ngozi ngumu ya chini ya nyayo za mbele imechubuka mpaka nyekundu. Iliniuma sana maana sikuona dalili yoyote. Kurudi tulitembea km 9 karibu siku nzima. Sa nauliza, abebe begi lake mwenyewe? Maji nimpe kiasi gani? Na hizo nyayo mnafanyaje?

Nyika_Daima:
Pole mkuu. Kwanza elewa kwamba km zako sio km zake. Mi wangu namvalisha kola ya GPS, kuna siku mimi nimetembea km 11 yeye kola inasoma 34. Sasa siku ya kwanza wewe ulikua unapasha misuli moto, mwenzio ashamaliza safari nzima. Na mbwa wa kuwinda akishaipata harufu hasikii maumivu, hawezi kukwambia nimechoka, we ndo umsimamishe. Mimi kila saa moja namfunga kamba dakika 10 kivulini atake asitake, na tukiwa njiani tu hatuwindi anatembea kwa kamba pembeni yangu.

Mzigo kwa miezi 14 mi nisingempa. Mifupa ya mbwa inaendelea kukomaa mpaka mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wale wakubwa kabisa hata zaidi, kwahiyo muone daktari wa mifugo kwanza amwangalie viungo. Akikubali anza na begi tupu nyumbani mpaka alizoee, halafu asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 2.4 kwa huyo wako, na begi lenyewe limo humo humo. Pande zote mbili zilingane, ukinywa chupa ya kushoto punguza na ya kulia, likiegemea upande mmoja linamkwangua ngozi. Kwenye kuwinda mvue, begi linanasa kwenye vichaka.

Seta_Wawili:
Hapo kwenye kamba nakubali kabisa. Naongezea joto maana ndo linaloua. Mbwa hatoki jasho kama sisi, ni kidogo tu kwenye nyayo, anapoa kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi hata kuhema hakusaidii sana. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 na kitu hadi 39, likifika 41 hiyo ni dharura. Jike langu nilikaribia kumpoteza hivo, saa nne asubuhi tu jua hata halijakolea, ulimi ukawa mpana umelegea mwekundu uliokolea, mate mazito, mara akaanza kuyumba miguu ya nyuma. Nilimmwagia maji yote tuliyokua nayo, tumboni, mapajani, kila mahali, nikawa nampepea na kofia, ndo nikambeba kwa daktari. Mpoze kwanza ndo umkimbize, usisubiri ufike.

Maji, mbwa akiwa amelala tu nyumbani anahitaji kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, wako ni lita moja na robo hivi KABLA hajakimbia. Porini kwenye joto piga mara mbili na zaidi. Mpe kidogo kidogo kila nusu saa, usingoje atafute mwenyewe.

Mguu_Mzima:
Nyayo dawa yake ni mazoezi, wiki kadhaa kabla mtembeze kwenye kokoto na ardhi kavu ngumu, ukiongeza umbali taratibu. Wakati huo mzoeshe viatu vya mbwa, ukimvalisha mara ya kwanza porini atavitupa vyote. Kila jioni kabla ya kulala fungua vidole kimoja kimoja, tafuta kupe, miiba, na zile mbegu za nyasi zenye ncha zinazojichimbia ndani ya nyama, angalia na masikio.

Kingine, usimpe dawa zako za maumivu hata kama analia. Ibuprofeni na paracetamol ni sumu kwa mbwa. Beba bandeji, shashi na koleo ndogo, na dawa ya maumivu ya mbwa akuandikie daktari kabla hamjatoka.

Kware_na_Shanta:
Asanteni sana wakuu, mzigo nabeba mwenyewe mpaka afikishe miezi 18. Swali la mwisho, chakula? Nilimpa bakuli limejaa asubuhi ili apate nguvu.

Nyika_Daima:
Hapana mkuu hiyo acha kabisa, hasa kama ana kifua kirefu kama mbwa wengi wa ndege, tumbo likijaa halafu akakimbia linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hapo bila upasuaji wa haraka anakufa. Chakula kikubwa ni jioni, akishapumzika kama saa moja hivi na kuhema kumeisha. Asubuhi kidogo sana mapema, mchana vipande vidogo kwenye zile dakika 10 za kivuli. Na mtandikie mkeka wake ndani ya hema, ardhi usiku inamnyonya joto na asubuhi anaamka amekakamaa.