Mrejesho: gari lililokuwa likizima likipata moto

Wakuu, nimerudi na majibu ya lile gari langu la 1993 nililowauliza hapa, lililokuwa likizima ghafla baada ya dakika 20 barabarani, kisha likipoa linawaka kama halikuwa na shida. Pampu ya mafuta na plagi nilishabadilisha. Hela imeenda bure.

Aliyeniambia nisipime chochote gari likiwa baridi, Mungu ambariki. Jumamosi nililiendesha mpaka likazima. Nikachomoa waya mkubwa wa koili (inayozalisha umeme wa cheche), nikachomeka plagi ya akiba, nikailaza kwenye chuma cha injini. Mwanangu akapiga stata: hakuna cheche hata moja. Mafuta hayana kosa, basi! Volti 12 zilifika kwenye koili, na koili yenyewe ilisoma vizuri. Ila taa ya kupimia niliyounga upande wake hasi haikupepesa kabisa stata ikizunguka. Yaani hakuna kinachokata umeme wa koili ili cheche itoke. Nikafungua distribyuta (inayogawa cheche kwa plagi), nikaipoza ignaita, yaani kifaa cha ndani yake kinachokata umeme huo, kwa kitambaa kibichi, nikafunga tena. Likawaka.

Kuing'oa hiyo ignaita, mgongo mkavu! Ile grisi nyeupe ya kupitisha joto haipo. Nadhani fundi wa zamani aliiona uchafu akaifuta. Nimefunga nyingine ya mtumba, na grisi yake. Juzi nimeenda Morogoro na kurudi Dar, foleni ya Mbezi saa nane mchana, halijazima.

Pampu ya zamani ninayo bado, nzima kabisa. Anayeihitaji aseme.