Ushauri wakuu: niuze milingoti au nisaini mkataba wa kaboni?

Mtoto wa Mufindi: Habari zenu wakuu. Nina ekari nne za milingoti ya miaka 7. Kuna jamaa wamepita kijijini wanataka tusaini miaka 30: hatukati, wao wanatulipa kwa hewa ukaa inayonyonywa na miti. Usingizi sipati. Hivi mti unahifadhi hewa kweli?

Bibi Shamba: Kweli kabisa. Jani linavuta hewa ukaa kupitia vitundu vyake, na kwa nguvu ya jua na maji linatengeneza sukari. Sukari hiyo ndiyo inajenga shina na mizizi. Mti ukikauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Wenye kilo 200 una kama kilo 100, zilizotokana na kilo 367 za hewa ukaa. Ndiyo maana wapimaji huzungusha futi kwenye shina, mita 1.3 kutoka chini: unene ndio unawasaidia kukadiria uzito.

Mpwani: Huku kwetu Gazi, Kwale, Kenya, tuna mradi wa kijiji wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013; unauza kaboni ya mikoko, na pesa imeleta maji na kusaidia shule. Nimepanda mikoko pale, tope hadi magotini. Tope hilohilo limeshika kaboni nyingi kuliko miti yenyewe.

Mzee Ukwaju: Vijana mna haraka ya hela. Pandeni miti kwa ajili ya wajukuu.

Bibi Shamba: Mwanangu, mbona una wasiwasi hivyo? Kuna mtu anaidai hiyo miti?

Mtoto wa Mufindi: Kuna mtu wa mirunda, ananunua miti ya kujengea, alinipa advansi ya miti hii mwezi uliopita. Lakini hatujaandikishana, na mtoto alikuwa anaingia kidato cha tano. Ningefanyaje?

Kaka Mkavu: Chai hii. Nguzo za miaka 7 nani anatoa advansi?

Mtoto wa Mufindi: Soma vizuri mkuu, nimesema mirunda, si nguzo za umeme. Mirunda ya kujengea inakatwa hata miaka mitano.

Kaka Mkavu: Weka picha ya mkataba basi.

Mtoto wa Mufindi: Fomu wanaleta Jumamosi.

Bibi Shamba: Usisaini. Huwezi kuuza kaboni ya miti iliyokwisha kuuzwa. Waulize pia moto ukipita hasara ni ya nani, maana mti ukiungua kaboni inarudi hewani. Na kituo cha taifa cha kaboni pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinautambua mradi wao?

Mtoto wa Mufindi: Advansi imeshaishia kwenye ada, mama.

Bibi Shamba: Basi mpigie mtu wa mirunda leo, kabla ya Jumamosi.