Naomba ushauri: chambo hai au chambo bandia kwa sangara kiangazi hiki?

Kasia_Jipya (mleta uzi)
Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninaendesha shughuli ndogo ya kuvua sangara katika visiwa vya Ukerewe, nikiwa na mtumbwi mmoja na vijana watatu. Tangu upepo wa kusini uanze mwezi Juni, ndoano zetu hurudi tupu, au zikiwa na chambo kilichokufa bila kuguswa, na bei ya vifaranga vya kambale tuliozoea kuwatunga kwenye ndoano imepanda kiasi cha kuninyima usingizi. Naomba wenye uzoefu mnieleze kama nibaki na chambo hai au nihamie kwenye visamaki vya plastiki, na kama ni plastiki, ni rangi gani inayofaa kwa msimu huu.

Mzee_wa_Mwalo
Kijana wangu, rangi iweke pembeni kwanza. Kuanzia Septemba hivi hadi karibu na Aprili, maji ya Ziwa Victoria hujipanga kwa matabaka, na lile la chini hupungukiwa hewa, hivyo sangara hulazimika kukaa juu zaidi. Inapofika Juni na Julai upepo huyachanganya maji hadi sakafuni, hewa ikashuka, na samaki wakatawanyika hadi kwenye vina ambavyo miezi mingine hawavikaribii. Huenda chambo chako hakina kosa lolote, ila umekitega mahali ambapo samaki walikuwa mwezi wa pili. Unavua kwenye kina gani, na kwa njia ipi: mshipi wa mkono, kukokota au migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi zinazolazwa majini?

Mama_Dagaa
Mimi nina neno moja tu kwa wote wanaolalamikia bei ya chambo. Bei ikipanda, vijana huchukua vyandarua vya mbu na kwenda kukomba vifaranga vya sato kwenye matete, halafu mwaka unaofuata ni wao hao wanaouliza sato wamekwenda wapi. Marehemu mume wangu alitunga furu, wale visamaki wadogo wa ziwani, na kambale maisha yake yote na watoto wakasoma. Tafadhali, mleta uzi, usije ukawa miongoni mwa hao.

Msafiri_Minnesota
Huku Marekani niliko majira ya joto ndiyo haya, na kila mwisho wa juma tuko ziwani. Wenzangu hutumia minyoo, ruba na visamaki hai asubuhi, kisha jua likipanda na samaki wakazama, tunahamia kwenye chambo bandia kizito kinachofika chini. Sheria ni kali: huruhusiwi kuondoka ziwani na maji ya ziwa kwenye chombo chako, na chambo kilichobaki hutupwa kwenye pipa la taka wala si majini, kwa kuhofia kueneza viumbe wageni. Mimi binafsi sikununua chambo hai tena baada ya kukizoea cha plastiki. Hamia, kaka.

Kasia_Jipya
Nawashukuru nyote. Maelezo ya Msafiri yamenitia moyo sana. Lakini kuhusu rangi bado sijapata jibu.

Mzee_wa_Mwalo
Nami bado sijapata jibu la swali langu.

Kasia_Jipya
Samahani, Mzee wangu. Tunatumia migonzo, jumla ya ndoano 400, kwenye kina cha mita 15 hivi. Vijana huilaza alfajiri na kuinyanyua jua linapozama. Niseme pia kwamba visamaki vya plastiki nimekwisha kuviagiza, 400 kamili, na nusu ya malipo nimeitoa kutoka kwenye fedha za kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Msinielewe vibaya; nilipiga hesabu kwamba kambale hununuliwa kila siku, ilhali plastiki hununuliwa mara moja, tena muuzaji alinihakikishia kwamba inang'aa gizani.

Fundi_Nyavu
Ndoano 400 za plastiki zimelala kimya majini! Hapo, ndugu, umewafungulia sangara duka la vinyago, nao wana haki ya kupita wakitazama bila kununua.

Mzee_wa_Mwalo
Fundi ametania, lakini ndipo penyewe. Samaki wa plastiki hudanganya kwa mwendo. Anayevua kwa fimbo humvuta, na watalii wanaovua kwenye kisiwa cha Rubondo humkokota nyuma ya boti yenye injini, ndipo anapotikisika kama dagaa anayekimbia. Mgonzo umetia nanga, haumtikisi mtu. Kambale anafaa kwa sababu ni mgumu: anaweza kuvuta hewa ya juu, hivyo hustahimili ndoo yenye maji machache ambamo furu wangekufa njiani, na akitungwa mgongoni, juu ya uti, huendelea kujinyonganyonga kwa saa nyingi. Msafiri amekujibu kwa uvuvi wa kwake, si wa kwako.

Kasia_Jipya
Nimeelewa, ila mawimbi ya kiangazi ni makubwa. Je, hayawezi kuvitikisa?

Mzee_wa_Mwalo
Kwa mita 15, hapana.

Jicho_la_Tatu
Naomba niwe mkweli. Simulizi hii siiamini. Wavuvi wa migonzo ninaowafahamu huilaza jioni na kuinyanyua alfajiri, lakini huyu amegeuza saa. Halafu anataja bidhaa inayong'aa gizani, wakati yeye anavua mchana! Ninahisi hapa pana mfanyabiashara anayetaka tuzoee kusikia habari za chambo bandia, na kesho atatuwekea namba ya simu.

Kasia_Jipya
Ndugu, sina duka. Tuliacha kulaza usiku baada ya wezi kukata migonzo yetu na kuwanyang'anya vijana injini wakiwa katikati ya maji. Sikutaka kuliandika hilo kwa kuwa mama yangu hajui.

Nyar_Homa_Bay
Pole sana. Upande wetu wa Kenya pia wavuvi wa mbuta, ndiye huyo sangara wenu, wanaporwa injini na nyavu. Ndugu zangu walianza kwenda mitumbwi kadhaa kwa pamoja, wakiwajulisha viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, saa ya kutoka na ya kurudi. Ukiwa peke yako hata mchana si salama sana.

Mzee_wa_Mwalo
Sasa shauri linabadilika. Sangara huwinda sana kwa macho, na macho yake yameumbwa kwa mwanga hafifu, kwa hiyo mchana kweupe unakosa saa bora. Tafuteni wenzenu mlaze jioni kwa pamoja, mshuke kina zaidi ya hapo, na mgonzo utungwe kambale peke yake. Nusu iliyobaki ya malipo usiitoe kabla hujazungumza na kikundi. Plastiki chache mnaweza kuzikokota nyuma ya mtumbwi mnapokwenda na kurudi: za rangi ya fedha kwenye maji maangavu ya mbali, na za manjano kali kwenye maji ya kijani karibu na pwani. Na atakayenaswa chini ya sentimita 50 sheria hairuhusu kumleta mwaloni.

Kasia_Jipya
Nitazungumza nao. Lakini mgonzo mmoja nitautunga plastiki, nijionee mwenyewe.

Fundi_Nyavu
Zitakazobaki utaziuza kwa bei gani? Nina mteja wa hoteli.

Jicho_la_Tatu
Haya, soko limefunguliwa.