Vipakiti vya kunyonya hewa kwenye korosho, vinasaidia kweli au napoteza hela?

MamaKorosho_Tbt
Habari za jioni wakuu. Mimi natengeneza korosho za kuoka hapahapa nyumbani Tabata, nafunga kwenye mifuko ile laini inayoonyesha ndani, nasili kwa mashine ndogo, napeleka madukani. Wiki ya kwanza ziko vizuri sana. Zikifika wiki ya nne hivi, na hili joto letu, mtu akifungua anakutana na harufu ya mafuta yaliyolala kwenye kikaango, na ukitafuna hazivunjiki tena. Ukungu hakuna, rangi ileile. Juzi duka moja limenirudishia pakiti 14 kwa mpigo, jamani nililia. Muuza vifungashio mmoja Kariakoo ananiambia niweke vipakiti vya kunyonya hewa, sio vile vya kwenye boksi la viatu anasema hivi ni vingine na bei yake imechangamka. Kuna mtu ameshatumia? Na ni salama kukaa na chakula?

FundiVifungashio
Pole sana dada. Hajakudanganya, ni vitu viwili tofauti kabisa. Vya viatu ni silika jeli, vinavuta unyevu basi. Hivyo vingine ndani kuna unga wa chuma na chumvi kidogo, chuma kinapata kutu na ili kipate kutu kinakula oksijeni yote iliyobaki kwenye mfuko, ndio kazi yake. Wajapani wanauza tangu 1977, kampuni ya Mitsubishi Gas Chemical, wao wanaviita Ageless. Ni salama ila visichanike na viwe na maandishi ya USILE.

Sasa sikiliza, wewe una matatizo mawili. Harufu ni oksijeni imekutana na mafuta ya korosho. Kulainika ni unyevu. Na yote mawili yanapita kwenye huo mfuko wako, plastiki laini inapitisha hewa kidogokidogo hata kama umesili vizuri, kwa hiyo ukiweka kipakiti humo kitakunywa hewa mpaka kichoke halafu unarudi palepale. Anza na mfuko wenye alumini ndani, ndio uweke kipakiti. Ukiona kesho yake mfuko umenywea kidogo ujue kimefanya kazi, maana oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa iliyokuwemo.

Jingine, ukifungua furushi lake usiviache mezani. Mimi mara ya kwanza nilienda kupokea mzigo nje, narudi navishika vina joto, kesho yake vimekuwa vigumu kama kokoto. Vyote vimekufa.

Kibua_Feri
Nimependa hii mada. Mimi nachukua samaki Feri nasambaza majumbani, nikiweka hivyo vipakiti kwenye samaki wabichi si naweza kupunguza barafu?

Daktari_wa_Msosi
Kaka yangu hapana, usithubutu! Korosho ni kavu ndio maana inawezekana. Samaki mbichi ana maji, na kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum anapenda mahali pasipo na hewa, ukimtolea oksijeni halafu samaki asikae kwenye baridi ya chini ya nyuzi 3 umemtengenezea makazi. Sumu yake inapoozesha misuli mpaka ya kupumulia, na samaki anaweza asinuke kabisa. Barafu usipunguze.

Kitakachokufaa wewe ni lebo za joto. Waliopeleka watoto kliniki wanaijua, kile kichupa cha chanjo ya polio kina duara lenye kimraba cheupe katikati, kimraba kikikolea mpaka kufanana na duara nesi anakitupa, imeanza 1996 hiyo. Kuna lebo za namna hiyo za kubandika kwenye pakiti za samaki na nyama, zinakusanya joto lote la njiani, kwa hiyo bodaboda akikaa juani saa nzima mteja ataona mwenyewe. Haizuii kuoza lakini inasema ukweli.

Kibua_Feri
Duh asante mkuu, nilikuwa naenda kununua kesho.

MamaKorosho_Tbt
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepata mifuko ya alumini 20 ya majaribio. 10 nimeweka kipakiti, 10 sijaweka, nimeandika tarehe kwa maka peni na zote nimezipanga juu ya kabati la jikoni pale penye joto kuliko pote. Baada ya wiki sita nafungua moja moja, nitaleta mrejesho hapahapa.