Bolti za injini ya pikipiki: ipi unairudisha, ipi unaitupa? Tupeane uzoefu

Mwana Uyole:
Wakuu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ndaga kwa Mbeya. Kijiweni kwetu kuna ubishi hauishi: injini ikishafunguliwa, bolti zirudi zile zile au zinunuliwe mpya? Fundi mmoja anasema bolti ni chuma, haiishi. Mwingine hakuachii chombo bila pakiti mpya, na pakiti anauza yeye mwenyewe. Mimi naona bolti nyingi za hizi bodaboda zinarudi bila shida, kinachotuumiza ni kuzichanganya. Ila nataka kusikia kwa waliofungua wenyewe au waliomsimamia fundi. Za gari tuziache. Hedi (kile kifuniko cha juu ya silinda) za gari nyingi za siku hizi zina bolti zinazokazwa mpaka zinavutika, hizo ni za mara moja na kitabu cha gari kinasema hivyo.

Fundi Kihesa:
Umegusa penyewe. Nimeanza kazi hii enzi ambazo pikipiki huku Iringa ilikuwa ya padri na bwana shamba. Kava ya klachi ya hizi pikipiki za sisi 125 na 150 inashikwa na bolti za milimita 6, kichwa namba 8, na hazina urefu mmoja. Kijana anazifungua zote, anazitupia kwenye bakuli la petroli, anazisugua mpaka zinang'aa, halafu anarudisha inayokuja mkononi. Kasheshe inaanzia hapo.

Ndefu ikiingia tundu fupi inagota chini kabla kava haijabanwa. Kijana akiona ngumu anajua imekaza, jioni oili inachuruzika. Akiongeza nguvu, aluminiamu inapasuka kwa nyuma. Fupi kwenye tundu refu ni mbaya zaidi maana haionekani: inashika nyuzi chache za juu, inakaza vizuri tu, halafu siku ya kuifungua inatoka na uzi wa aluminiamu umejiviringisha juu yake kama springi ya kalamu. Hapo watu wanalaumu bolti ya zamani. Bolti haina kosa! Ya 6 kwenye aluminiamu nataka izame angalau milimita 9, ikifika 12 nalala usingizi.

Tafuta boksi. Chora kava juu yake, toboa, kila bolti ichomeke pale ilipotoka. Wakati wa kurudisha, zichomeke zote bila kuzungusha uangalie zimebaki nje kiasi gani. Zinatakiwa zilingane. Inayochomoza kuliko wenzake imekosea nyumba.

Mama Chombo:
Mimi si fundi, nina pikipiki kijana anaiendesha Mafinga. Kila matengenezo naletewa karatasi imeandikwa bolti, bolti, bolti. Nikamwambia, mwanangu, nunua mpya, lakini za zamani niletee nizione. Tangu hapo bolti zimeacha kuharibika.

Mwana Uyole:
Shikamoo mama 😂 Hiyo naichukua.

Tukuyu Kwetu:
Nyie mnaongelea kava, sisi huku Rungwe adui ni kutu. Mvua haitupi likizo, na stadi za ekzosi, vile vyuma vyenye uzi vilivyopandwa kwenye hedi, zinashikana na nati zinakuwa kitu kimoja. Niliona fundi mmoja hapa mjini nati imemgomea, akachomeka bomba kwenye spana akaning'inia. Stadi ikakatika sawasawa na uso wa hedi. Kazi ya kubadili gasketi tu ikageuka kushusha hedi nzima.

Aliyekuja kuiokoa alikuwa mchomeleaji wa mageti. Aliweka nati juu ya kile kisiki, akaichomelea kwa ndani, akaacha ipoe kidogo, ikatoka kwa spana ya kawaida. Joto ndilo lililofanya kazi: aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo hedi ikipata moto inalegeza mkono. Siku hizi nati ya ekzosi ikigoma naimwagia mafuta ya kupenya, nailaza, kesho naipasha moto na kuipeleka mbele na nyuma kidogo kidogo. Na stadi iliyoliwa na kutu mpaka imepungua unene siirudishi hata kwa bure.

Dereva wa Chunya:
Sasa fundi, bolti iliyochoka nitaijuaje? Kwa macho zote zinafanana.

Fundi Kihesa:
Kaka, chukua nati mpya, izungushe kwa vidole toka mwanzo wa uzi mpaka mwisho. Ikitembea laini, bolti nzima. Ikianza kukwama katikati, sehemu ile imevutika, tupa. Ilaze pia pembeni ya mpya, nyuzi ziingiliane bila kuacha mwanya. Yenye kiuno chembamba usiijadili.

Na dukani usidanganywe na mng'ao. Kwenye hedi, bolti iwe na nguvu ile ile ya iliyotoka. Namba 8.8 kichwani ni ngumu, 10.9 imeizidi. Za chuma cha pua ni nzuri kwenye madigadi, kwenye hedi hapana, nyingi ni laini kuliko 8.8.

Baridi ya Makete:
Mnasahau washa. Bolti inarudi mara nyingi, washa ya shaba ikishabanwa inakuwa ngumu na haizibi tena. Injini nyingi ndogo oili inapanda hedi pembeni ya stadi mojawapo, na nati yake ni ya kofia yenye washa ya shaba. Mkiweka washa ya kawaida pale, hedi inalia oili na mtaambiwa gasketi mbovu. Mimi nikikosa mpya naipasha ya zamani mpaka iwe nyekundu, naiacha ipoe, inalainika. Ya aluminiamu usijaribu, itayeyuka haijabadilika rangi. Kota pini, zile pini za kukunja zinazozuia nati isifunguke, nazo hazirudi, nunua.

Halafu kazeni injini ikiwa baridi. Huku kwetu baridi tunayo ya bure.

Dereva wa Chunya:
Spana ya kupima nguvu nani anayo huku? Tunakaza kwa mkono tu.

Fundi Kihesa:
Mkono una akili ukiufundisha. Bolti ya 6 inataka nyutoni mita kama 10. Ni sawa na uzito wa kilo 10 mwishoni mwa spana ya sentimita 10. Nyanyua ndoo ya lita 10 ya maji, usikie uzito wake, halafu nenda kwenye kava. Wengi wenu mnakaza mara mbili yake. Namba za hedi ziko kwenye kitabu cha pikipiki husika, hizo msikisie.

Lori na Pikipiki, Tunduma:
Napingana kidogo. Wenye pikipiki kubwa za silinda mbili au nne wasifuate huu mjadala kichwa kichwa. Zile nyingi zina bolti za konektingi rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, na zikifunguliwa mara nyingi watengenezaji wanataka mpya. Bodaboda krenki yake vipande vimeshindiliwa pamoja, bolti hizo hazipo kabisa.

Mwana Uyole:
Sahihi mkuu. Swali langu la mwisho: tundu la kava yangu uzi umeshakufa, inazunguka tu. Fundi anataka atoboe aweke bolti ya 8.

Fundi Kihesa:
Mzuie kwanza. Pima nyama iliyobaki kuzunguka tundu. Kama ni nyembamba, ya 8 itapasua. Waulize wakerezaji wa Mwanjelwa kama wanaweka koili ya uzi. Wanapiga tapu, yaani wanakata uzi mpya ndani ya tundu, wanaingiza koili ya chuma, unarudi kwenye bolti yako ile ile ya 6.