Tarehe 25 Novemba mechi ya Wembley inapewa vema, vita ya hapa kwetu Ruvuma inapewa kosa

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nimevimba kweli kweli, kwa hiyo herufi zikirukana mnivumilie.

Binti yangu yuko kidato cha pili shule moja hapa Mtwara, siitaji maana bado anasoma palepale. Wakapewa kazi ya nyumbani, taja matukio matano makubwa ya dunia yaliyotokea tarehe 25 Novemba, mwaka wowote. Kazi nzuri tu, hapo sina ugomvi. Akaandika Fidel Castro kufariki 2016, Maradona kufariki 2020, Suriname kupata uhuru kutoka kwa Mholanzi 1975, na wale ndugu watatu wa kike akina Mirabal waliouawa Jamhuri ya Dominika 1960, ambao ndo chanzo cha ile siku ya kupinga ukatili kwa wanawake. La tano akaweka vita ya Ngomano, 1917, hiyo nilimwambia mimi mwenyewe tukiwa tunachambua korosho barazani.

Daftari limerudi, vema nne, Ngomano kosa. Na siyo kosa la hivi hivi, peni nyekundu imekandamizwa mpaka ukigeuza karatasi unaipapasa kwa kidole, pembeni kaandikiwa "MATUKIO YA DUNIA, siyo ya kijijini".

Ya kijijini!! Jamani Ngomano ni pale Lugenda inapoingia Ruvuma, ukifika Mtambaswala ukavuka Daraja la Umoja kuingia Msumbiji ushafika Negomano, ndo Ngomano yenyewe. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku Afrika Mashariki, alikuwa ametoka kupigana Mahiwa hapo Lindi mwezi Oktoba, risasi zinamwishia, dawa hana, Mwingereza anamfukuza nyuma. Tarehe 25 Novemba 1917 akavuka mto akaivamia kambi ya Mreno, kamanda wao Meja Teixeira Pinto akafia palepale, wakazoa bunduki na risasi kama laki mbili na nusu, na kwa mzigo huo vita ikaendelea mwaka mzima mwingine. Sasa sikilizeni hii, asubuhi ya tarehe hiyohiyo zepelini ya Wajerumani L59, yale maputo makubwa ya kusafiria angani, ilikuwa inatua Bulgaria baada ya kukaa angani saa 95, ilikuwa imebeba risasi na dawa za kumletea huyuhuyu, na safari yake ilikuwa ije mpaka huku milima ya Makonde, ikageuzwa ikiwa juu ya Sudan. Mzigo wa kutoka Bulgaria kuja Umakondeni halafu naambiwa jambo la kijijini.

Haijaisha. 25 Novemba 1918, mwaka umetimia siku kwa siku, huyo huyo Lettow-Vorbeck akasalimisha silaha Abercorn, siku hizi panaitwa Mbala kule Zambia. Ulaya walishaacha kupigana tangu tarehe 11, wiki mbili nyuma. Yaani vita kuu ya kwanza ya dunia kwa Afrika Mashariki imefungwa tarehe hiyo aliyoulizwa mtoto, sasa dunia wanayoitaka ni ipi?

Nikapanda boda nikaenda shule. Mwalimu kijana tu, ana heshima zake, "shikamoo mzee, karibu", akanipa na kiti. Akatoa karatasi aliyoprinti kwenye intaneti, akasema mzee wangu mimi nasahihisha kwa kufuata hii, Ngomano haimo. Nikaipitia. Kweli haimo. Lakini mcheza mpira George Best kufariki 2005 yumo, na Uingereza kufungwa 6-3 na Hungary pale Wembley 1953 imo! Nikamuuliza mwalimu, mtoto angeandika hii mechi? Akasema angepata. Mechi ni kubwa sikatai, Mwingereza kufumuliwa nyumbani kwake siyo mchezo, ila pale Wembley nani alizikwa?

Huku kwetu watu wamezikwa. Bibi mzaa baba alikuwa akisimulia baba yake alikamatwa Masasi akabebeshwa mizigo ya jeshi, upagazi, akaondoka na msafara hakurudi, kaburi hatulijui mpaka leo, na hatukuwahi kuambiwa alikuwa anambebea Mjerumani au Mwingereza. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, njaa na kuhara. Watu kila siku wanasema nashuka Kariakoo kununua mzigo, hawajui lile jina limetokana na hao hao wapagazi wa Mwingereza, kikosi chao kikiitwa Carrier Corps.

Mwalimu akaniambia alama keshazipeleka kwa mtaaluma hawezi kugusa. Alama mbili tu hizo! Nikamwambia basi ichomeke Ngomano kwenye karatasi yako ya mwakani, akacheka, akasema "tutaona mzee".

Wadau wa Nanyumbu, Masasi na Newala ambao wazee wenu walisimulia habari za vita ya Mjerumani tupieni hapa, nakusanya. Binti ameniomba nisirudi tena shuleni eti namwaibisha. Nimemkubalia. Ila kikao cha wazazi naenda, na daftari nabeba.