Muache kuuzishia batoto karti grafiki za uongo, ile "4 giga" yenu haina kitu!

Bandugu ba Lushi (Lubumbashi), leo niko na kasirani na sitazungusha maneno. Mwenye anauzisha karti grafiki, ile kipande cha ordi chenye kinachora picha za michezo pa ekrani, hapa mjini, anajua vizuri ile karti haipiti hata grafiki yenye iko tayari ndani ya prosesa ya mteja, na bado anakamata dola za mtoto wa watu, ule ni mwizi. Na bale banajibu kila swali na "nunua karti tu, hata ndogo" bila kuuliza ordi ni gani, prosesa gani, RAM (memori ya kazi ya ordi) ngapi, bale banamusaidia mwizi.

Mdogo wangu anasoma unive, jioni anauzisha unite kule Katuba, makuta kidogo kidogo mpaka akafikisha dola 110. Alitaka kucheza FIFA 23, akaona mu masharti ya ule mchezo banaandika karti ya NVIDIA GTX 1050 Ti kama kiwango cha chini, basi akaingia mu ville kutafuta ile jina. Akapewa boksi mupya, plastiki juu, GTX 1050 Ti, 4 giga za memori, na muuzishaji akamuapia kama na hii atacheza yote. Kuiwasha mbele yake hapana, eti kuranti imekatika. Kufika nyumba FIFA inakataa hata kufunguka, GTA V inafunguka lakini inakwama kila kona, na ventilateri inapiga kelele sawa mashini ya kusaga bunga.

Akaniletea, juu mi kazi yangu ni kutengeneza ordi. Hata mbele ya kuichomeka niliona ile tundu ya bulu ya VGA, ya kuchomeka ekrani za zamani, kwa nyuma, na hapa musome muzuri juu njo hapa batu banaibiwa: chipu ya kweli ya 1050 Ti, GP107 ya 2016, haitoe VGA yenyewe, NVIDIA ilitosha ile njia ya zamani mu kizazi chote cha Pascal, kile cha 1050 Ti. Ukiona 1050 Ti yenye VGA, rudisha mukono mu mufuko. Nikaiweka mu mashini, nikafungua GPU-Z, ile programu inajua kutambua karti za namna hii tangu 2018, ikaandika FAKE (ya uongo) mbele ya jina. Nikafungua visi, nikatosha radiateri, nikafuta pate ya kupoesha chipu yenye ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi, na chini yake kumeandikwa GF116. Ile ni chipu ya 2011! Kizazi cha Fermi, kore 192 pahali pa 768, Vulkan, ile njia yenye michezo mingine inatumia kuongea na karti, haiijui, na NVIDIA iliacha kuitengenezea draiva za michezo mu 2018. Mutu alikamata karti ya kutupa, akabadilisha BIOS yake, ile programu ya ndani ya karti, ili Windows isome jina ya uongo, akaitia mu boksi mupya. Hata ile 4 giga ni maandishi tu, memori yenye iko pale ni giga 1.

Tulirudi naye pa butiki. Jibu: kitu yenye imeshatoka hairudi, na pengine ordi yenu njo mbaya. Mutoto wa miaka 20 anasimama pale machozi yako karibu, na muzee mzima anamuangalia tu anaendelea na simu yake.

Na musifikiri nakasirikia paka zile za uongo. Kuko zenye ni za kweli, jina la kweli, boksi la kweli, na bado mutu analiwa. GT 1030 ilitoka 2017 na memori ya GDDR5, inapitisha giga 48 kwa sekunde. Mwaka wenye ulifuata bakatoa ingine, jina ni ile ile GT 1030, lakini ndani banatia DDR4, na inapitisha giga 16.8 tu. Sasa linganisha: bareti moja ya RAM ya DDR4 3200 inapitisha giga 25.6, na ukitia bareti mbili zifanye kazi pamoja unafika 51.2. Munaona? Mutu anatosha dola kununua karti yenye memori yake inaenda polepole kuliko RAM yenye iko mu ordi yake! Halafu anaambiwa ashukuru.

Juu grafiki ya ndani haina memori yake, inakula RAM ya ordi, njo maana bareti ni neno kubwa sana na hakuna mwenye anaisema. Ordi mingi zenye zinaingia hapa kupitia mpaka wa Kasumbalesa ziko na bareti moja tu, ya pili haiko, tundu iko wazi. Hata Intel, grafiki yao ya Iris Xe, ukiwa na bareti moja Windows inakuandikia UHD tu, jina la Iris Xe linakuja ukitia mbili. Mdogo wangu alikuwa na prosesa ya Ryzen 3 3200G, grafiki ya Vega 8 ndani yake, bareti moja ya giga 8. Tukatosha ile takataka, tukatia bareti ya pili ya okazyo, FIFA 23 inacheza mu 720p (picha isiyo kubwa) na mipangilio ya chini, bila karti yoyote. Kama ule muuzishaji angemuuliza tu "uko na prosesa gani?", zile dola zingebakia.

Sikatai karti. Mwenye ordi yake ni ya Intel ya zamani, na grafiki ya ndani HD 4000 ao HD 530, na anataka michezo ya sasa, ule anaihitaji kweli. Atafute GTX 1050 Ti ya kweli ao GTX 1650 ya wati 75 yenye haiombe kabo ya kuranti ya pembeni, juu zile mashini ndogo za biro ziko na alimantasyo (kile kinagawa kuranti ndani ya ordi) ndogo, na apime kama karti itaingia mu kisanduku. Mwenye anacheza na inverta wakati kuranti imekatika afikirie tena zile wati, batri itakwisha mbio. Na mwenye anataka mchezo wa Valorant tu, hata HD 4000 iko mu masharti yake ya chini, asiuziwe kitu.

Sasa bale banauzisha na munasoma hapa, najua muko: mutakubali kuwasha karti mbele ya mteja, GPU-Z iwe wazi pa ekrani, mbele hajahesabu dola? Kuranti ikiwa haiko, mteja arudi kesho na makuta yake mu mufuko. Mujibu hapa chini, ndiyo ao hapana.